Maziwa, njugu na korosho katika mlo wa kipimo: mwongozo kamili kwa jiko la Lamu

Ushauri unaosikika mara nyingi kuhusu lishe ni kwamba mtu mzima anywe bilauri ya maziwa na ale konzi moja ya njugu au korosho kila siku. Ni ushauri mwema, lakini aliyeutoa alimfikiria mtu ambaye chakula chake hakina nazi. Bilauri ya mililita 250 ya maziwa yasiyotolewa mafuta ina takriban kalori 155, na gramu 30 za njugu zina takriban kalori 170. Mtu wa Lamu akiviongeza viwili hivyo juu ya wali wa nazi, mchuzi wa tui, mahamri na chai ya sukari, huwa amejiongezea zaidi ya kalori 300 kwa siku bila kupunguza chochote, na miezi michache baadaye atashangaa kuona nguo zinambana ilhali amekula vyakula vinavyosifiwa. Kwa sababu hiyo hatua zote zilizo hapa chini zinafuata kanuni moja: maziwa na njugu viingie katika mlo kwa kuchukua nafasi ya kitu kingine, na kitu cha kwanza kutazamwa kiwe ni nazi na sukari.

Inafaa kuvipigania vyakula hivi vipate nafasi. Bilauri moja ya maziwa ina protini takriban gramu 8 na kalisiamu karibu miligramu 300, ambayo ni kama theluthi ya miligramu 1,000 anazohitaji mtu mzima kwa siku. Njugu, korosho na lozi zina protini, nyuzinyuzi na magnesiamu, na sehemu kubwa ya mafuta yake ni ya aina isiyoganda, ambayo ni bora kwa moyo kuliko mafuta yanayoganda. Uchunguzi mkubwa uliofanywa Hispania kwa zaidi ya watu 7,000 waliokuwa katika hatari ya maradhi ya moyo, na ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2013 kisha yakachapishwa upya mwaka 2018 baada ya kusahihishwa, ulionyesha kwamba waliopewa gramu 30 za mchanganyiko wa njugu za miti, yaani lozi na jamii yake, kila siku pamoja na mlo wa mboga, samaki na nafaka walipatwa na maradhi makubwa ya moyo na mishipa, hasa kiharusi, kwa uchache kuliko walioshauriwa tu kupunguza mafuta. Njugu walizopewa hazikuwa hizi zetu, na samaki na mboga walikuwa sehemu ya tiba. Hata hivyo kipimo cha gramu 30 ndicho ninachokishika katika mwongozo huu, kwa kuwa kimejaribiwa na kinatosha mkononi.

Hatua ya kwanza: andika vilivyomo tayari

Kabla ya kununua chochote, pima kiuno chako kwa utepe na uandike kipimo hicho. Kisha chukua siku tatu za kawaida, mojawapo iwe Ijumaa au siku ya wageni, na uandike kila mahali ambapo maziwa, nazi, njugu au korosho vimeingia kinywani mwako. Usiandike vyakula vilivyo wazi tu. Andika maziwa ya chai, tui la mbaazi za asubuhi, tui la mchuzi wa samaki, kashata ya njugu uliyoinunua njiani, kipande cha halua ulichokula pamoja na kahawa barazani, na korosho zilizomo ndani ya halua hiyo. Watu wengi hugundua kwamba hawajapungukiwa na mafuta hata kidogo, ila wamepungukiwa na maziwa yenyewe na njugu zenyewe, kwa kuwa vyote wanavipata vikiwa vimezama katika sukari.

Nazi inastahili kutazamwa kwa makini zaidi kuliko vingine, kwa sababu wengi huihesabu kuwa ndugu wa njugu na tui lake kuwa ndugu wa maziwa. Katika lishe haiko hivyo. Gramu 100 za nyama ya nazi iliyokomaa zina takriban kalori 350 na mafuta gramu 33, na karibu gramu 30 kati ya hizo ni mafuta yanayoganda, yale yanayoinua kolesteroli mwilini. Protini yake ni ndogo, gramu 3 hivi, na kalisiamu ya tui haifikii hata kidogo ile ya maziwa ya ng'ombe. Kasimile, yaani tui la kwanza lililokamuliwa kwa maji machache, huwa na kalori kati ya 200 na 300 katika kila mililita 100, kutegemea uzito wake. Sisemi nazi iachwe. Samaki wa kupaka bila kasimile si samaki wa kupaka. Ninachosema ni kwamba sufuria ya wali wa nazi, sufuria ya mbaazi za nazi na sufuria ya mchicha wa nazi zikikutana katika siku moja, hakuna nafasi iliyobaki kwa konzi ya korosho, hata kama korosho ndiyo chakula bora kati ya vyote hivyo.

Hatua ya pili: pima mara moja, kisha tumia vyombo vyako

Hakuna haja ya kupima chakula kwa mizani maisha yako yote. Azima mizani ndogo ya jikoni, au mwombe muuzaji dukani akupimie gramu 30 za korosho na gramu 30 za njugu zilizomenywa, kisha zimimine kiganjani na uzitazame vizuri. Korosho nzima zitakuwa kati ya 18 na 20, lozi zitakuwa 23 hadi 25, na njugu zitakuwa kama 30 au zaidi kidogo kwa kuwa punje hutofautiana ukubwa. Funga vidole. Kwa mtu mwenye mkono wa wastani hiyo ndiyo konzi isiyomwagika, na kuanzia siku hiyo mkono wako mwenyewe ndio kipimo. Tafuta kikopo au kikombe kidogo cha kahawa kinachojaa kwa kiasi hicho hicho, ukiweke karibu na chupa ya njugu, na usile kutoka kwenye chupa moja kwa moja, kwani mkono unaorudi chupani hauhesabu.

Siagi ya njugu ipimwe kwa kijiko cha mezani: kijiko kimoja cha msawazo kina takriban kalori 95, kwa hiyo vijiko viwili ni zaidi kidogo ya konzi nzima. Soma karatasi ya kopo, kwa kuwa baadhi zimeongezwa sukari na mafuta mengine.

Kwa upande wa maziwa, jaza maji katika pakiti tupu ya nusu lita, uyamimine katika bilauri na vikombe vya nyumbani, na uone kila kimoja kinachukua kiasi gani. Kisha fanya hesabu ya chai, maana katika nyumba nyingi ndimo maziwa yote ya siku yanamokwenda. Chukua nyumba ya watu sita inayopika sufuria ya chai kwa lita moja ya maziwa, lita moja ya maji na vijiko kumi na viwili vya mezani vya sukari. Kila mtu akinywa sehemu yake yote, amepata maziwa karibu mililita 165, ambayo ni kama theluthi mbili za bilauri, na hilo ni jambo jema. Lakini vijiko vile vya sukari ni gramu 150, na kila mmoja amepewa gramu 25, kiasi ambacho Shirika la Afya Duniani linapendekeza kisipitwe kwa siku nzima kwa anayetaka faida kamili ya afya. Kwa hiyo maziwa ya chai yahesabiwe, na sukari ipunguzwe kijiko kimoja cha mezani kwa sufuria kila wiki mpaka ifike vitano au vinne. Kupunguza taratibu hivi hakuleti ugomvi nyumbani, hasa iliki na tangawizi zikiongezwa kidogo. Afadhali zaidi ni kupika chai bila sukari kabisa na kila mtu ajitilie mwenyewe.

Hatua ya tatu: toa kimoja ndipo uweke kingine

Sahani ya mlo mkuu ibaki kwa mgawanyo unaojulikana: nusu mboga na matunda, robo samaki, kunde au nyama, na robo wali, mkate au muhogo. Maziwa na njugu havina robo yao pekee katika sahani hiyo. Vinaingia pembeni, navyo hulipiwa kwa kuondoa kitu kingine.

Malipo yaliyo rahisi zaidi kwetu ni haya. Konzi ya njugu ya saa kumi jioni ichukue nafasi ya viazi karai, kashata au kaimati, isiliwe pamoja navyo. Bilauri ya mtindi ya usiku ichukue nafasi ya soda au sharubati ya sukari. Korosho zilizopondwa na kunyunyizwa juu ya mchicha uliokaangwa kwa kitunguu na nyanya zichukue nafasi ya tui katika mchicha huo. Mboga hiyo huwa na utamu wa aina yake, nami naiona bora kuliko ile ya nazi. Na siku ambayo nyumba imeamua kupika wali wa nazi, basi mchuzi uwe wa nyanya au ukwaju, samaki achomwe, na konzi ya njugu ipunguzwe iwe nusu. Nazi katika chungu kimoja kwa siku ni sheria inayoweza kushikwa na familia nzima bila mtu yeyote kujihisi anafunga.

Huu hapa mfano wa siku moja ya mwanamke anayekusudia kula kalori 1,800. Asubuhi anakunywa kikombe cha mililita 250 cha chai iliyopikwa nusu maziwa nusu maji, yenye kijiko kimoja cha chai cha sukari, pamoja na hamri moja, mbaazi zilizopikwa kwa tui la pili lililo jepesi, na kipande cha papai. Mchana anakula kikombe kimoja cha wali mweupe, samaki wa kuchoma, mchicha usio na nazi na kachumbari kwa wingi. Saa kumi anakula konzi ya njugu na chungwa. Usiku anakula mkate wa mofa kwa mchuzi wa kunde na mabamia, akifuatisha mililita 200 za mtindi usio na sukari. Hesabu ya maziwa yake ni mililita 125 za chai na 200 za mtindi, jumla 325, zenye takriban kalori 200. Njugu zina 170. Vyote pamoja ni kalori 370, kama moja ya tano ya siku, na vimempa protini takriban gramu 18. Kalisiamu aliyopata humo ni kama miligramu 400. Iliyobaki ataipata kwa mbaazi, mboga za majani, na hasa dagaa wanaoliwa pamoja na miiba yao, ambao ningependa kuwaona mara nyingi zaidi katika sahani za mji huu.

Mwenye kazi ngumu, kama mvuvi au mpakuzi wa jahazi, anaweza kuongeza bilauri ya pili na konzi ya pili bila wasiwasi, mradi haviambatani na sukari.

Hatua ya nne: chagua maziwa

Maziwa ya ng'ombe yanayovuka kutoka bara kupitia Mokowe, ya mbuzi, ya ngamia na ya pakiti yote yanafaa. Ya mbuzi yana mafuta zaidi kidogo kuliko ya ng'ombe. Ya ngamia yana vitamini C zaidi, lakini yana sukari ya maziwa kama mengine, kwa hiyo mwenye kisukari asiyanywe kana kwamba ni maji. Maziwa mabichi yachemshwe mpaka yapande na kufoka, hata yakiwa yametoka kwa mtu unayemwamini, kwa sababu mnyama aliye mzima kwa macho anaweza kuwa na vijidudu vya brusela au vya kifua kikuu. Yakishapoa, ondoa malai yaliyotanda juu: umepunguza mafuta, na sehemu kubwa ya protini na kalisiamu imebaki ndani ya maziwa. Malai hayo yakitiwa katika chakula kingine yahesabiwe huko yalikokwenda.

Maziwa ya kopo yaliyotiwa sukari yasihesabiwe kuwa maziwa. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni sukari, na kijiko kimoja cha mezani kina takriban kalori 60.

Watu wengi wazima wa kwetu hujaa gesi, huumwa tumbo au huharisha wakinywa maziwa. Mara nyingi si mzio. Ni kwamba utumbo umepunguza uwezo wa kuvunja sukari ya maziwa, jambo la kawaida kwa mtu mzima. Anayepatwa na hali hiyo asikate tamaa. Aanze na nusu kikombe pamoja na chakula, si kwa tumbo tupu, au ahamie kwenye mtindi na maziwa lala, kwa kuwa vijidudu vinavyogandisha maziwa huwa vimekwisha kula sehemu ya sukari hiyo. Wengi huweza kuvumilia hata kikombe kizima wakikigawanya kwa siku.

Hatua ya tano: chagua njugu na uzitunze

Lozi ni nzuri lakini hutoka mbali na bei yake ni kubwa, na hakuna lishe ndani yake itakayomfanya mtu wa hapa ajione amepungukiwa kwa kula korosho za miji yetu ya Hindi au Witu na njugu za sokoni. Kati ya tatu hizo, njugu ndizo zenye protini nyingi zaidi, karibu gramu 8 kwa konzi, nazo ndizo za bei nafuu. Chagua zilizokaangwa kavu bila mafuta na bila chumvi, au zenye chumvi kidogo sana, hasa kwa mwenye presha. Shirika la Afya Duniani linataka chumvi yote ya siku iwe chini ya gramu 5, na njugu za chumvi za kwenye karatasi hula sehemu ya kipimo hicho bila kuonekana.

Hatari kubwa ya pwani ni unyevu. Kuvu inayoota kwenye njugu na mahindi yaliyohifadhiwa vibaya hutengeneza sumu ya aflatoksini, inayoharibu ini na kuleta saratani yake. Kenya iliiona sumu hii mwaka 2004, pale watu 125 walipofariki, wengi wao Makueni na Kitui, baada ya kula mahindi yaliyoingia kuvu. Kukaanga hakuiondoi yote. Kwa hiyo mimina njugu kwenye sinia penye mwanga kabla ya kuzikaanga, na uzipitie kwa vidole: punje iliyosinyaa, iliyobadilika rangi kuwa ya kijani au nyeusi, iliyotobolewa na mdudu au yenye vumbi la kuvu itupwe, na asilishwe kuku wala ng'ombe, kwa maana sumu hiyo hurudi katika maziwa. Punje moja ikiwa chungu kinywani, itemwe. Nunua kiasi cha wiki moja au mbili, sio gunia. Zihifadhi ndani ya chupa kavu yenye kifuniko kinachobana, mbali na joto la jiko, au kwenye friji. Korosho zenye harufu ya mafuta yaliyochacha hazifai tena hata kama hazina kuvu.

Mwenye mikorosho shambani ajue pia kwamba mafuta ya ganda la korosho huunguza ngozi, na moshi wake huwasha macho na kifua. Kuchoma korosho mbichi kufanywe nje, upepo ukiwa nyuma ya mchomaji, na watoto wakae mbali.

Hatua ya sita: wanaohitaji kipimo chao

Mtoto asipewe kitu kingine ila maziwa ya mama katika miezi sita ya kwanza. Baada ya mwaka mmoja, maziwa ya ng'ombe yasizidi nusu lita kwa siku, kwa sababu mtoto anayeshiba maziwa hukataa chakula chenye madini ya chuma na hupungukiwa damu. Njugu nzima na korosho nzima asipewe mtoto aliye chini ya miaka mitano, kwani humkaba koo. Zisagwe ziwe laini na zichanganywe na uji. Mwenye mzio wa njugu, anayevimba midomo, kuota vipele au kubanwa na pumzi baada ya kuzila, asijaribu hata punje moja, naye akapelekwe hospitali mara moja dalili hizo zikitokea.

Mwenye kisukari ahesabu bilauri ya maziwa kuwa na sukari ya asili gramu 12, na apunguze wali au mkate wa mlo huo. Njugu kwake ni kitafunio kizuri kwa kuwa hazipandishi sukari ya damu haraka. Mgonjwa wa figo, kwa upande mwingine, asiufuate mwongozo huu mpaka azungumze na daktari wake, kwa sababu maziwa na njugu vina fosforasi na potasiamu nyingi.

Mama mjamzito anayepewa vidonge vya kuongeza damu kliniki asivimeze kwa chai wala kwa maziwa. Avimeze kwa maji au kwa maji ya chungwa, na maziwa ayanywe saa mbili baadaye. Ni vivyo hivyo kwa baadhi ya dawa za kuua vijidudu, kama tetrasaiklini na siprofloksasini, ambazo hupoteza nguvu zikikutana na kalisiamu tumboni.

Katika mwezi wa Ramadhani

Futari ya Lamu ndiyo inayotikisa hesabu yote, kwa kuwa muhogo wa nazi, ndizi za nazi, mbaazi, kaimati na tambi za sukari huweza kukaa juu ya mkeka mmoja. Fungua kwa tende tatu na nusu bilauri ya maziwa, sali, kisha urudi kwenye sahani ukichagua chakula kimoja tu cha nazi. Konzi ya njugu iwekwe wakati wa daku badala ya futari, pamoja na mtindi na uji wa mtama: protini, mafuta na nyuzinyuzi zake humchelewesha mtu kuona njaa mchana, na zikiwa hazina chumvi hazitamzidishia kiu.

Hatua ya mwisho: rekebisha

Baada ya wiki nne pima kiuno kwa utepe usawa wa kitovu, asubuhi kabla ya kula, na ulinganishe na kipimo ulichoandika siku ya kwanza. Ikiwa kimeongezeka, usikimbilie kuacha maziwa wala njugu. Rudi kwenye orodha ya hatua ya kwanza, uiandike upya kwa siku tatu, na upunguze kwa utaratibu huu: kwanza sukari ya chai, pili kashata na halua, tatu kasimile, nne idadi ya mahamri. Ikiwa hivyo vyote vimekwisha kupunguzwa na kiuno hakijabadilika, ndipo konzi ya njugu ipunguzwe iwe nusu, na maziwa yabadilishwe yawe yale yaliyotolewa malai.